Dakika mbili kabla ya kisu: orodha hakiki katika upasuaji wa wajawazito

Orodha hakiki ya usalama wa upasuaji ni karatasi moja yenye maswali yasiyofika ishirini. Maswali hayo huulizwa kwa sauti na kujibiwa kwa sauti mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa ganzi au dawa ya usingizi, kabla ngozi haijachanwa, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliizindua Juni 2008, ikiwa na vipengele 19, na leo imebandikwa kwenye kuta za vyumba vya upasuaji kila bara. Kuibandika ukutani ni kazi ya dakika moja. Kuifanya isemwe kweli, usiku wa manane, mjamzito anavuja damu mezani na mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka, ni kazi ya miezi na miaka.

Barani Afrika, upasuaji wa kumtoa mtoto ndio unaofanyika kuliko mwingine wowote. Utafiti wa hospitali 247 katika nchi 25 za bara hili, uliochapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa ndani ya juma moja, na theluthi yao walikuwa wajawazito. Kundi hilo lilipochambuliwa peke yake, ilionekana kwamba katika kila wanawake 1,000 waliojifungua kwa upasuaji, watano walifariki. Kiwango hicho kilikadiriwa kuwa mara 50 ya kile cha nchi tajiri. Watoto wachanga waliokufa walikuwa 44 katika kila 1,000. Mambo yaliyohusishwa na vifo vya kina mama ni pamoja na kuvuja damu na matatizo ya ganzi na usingizi, na zote mbili ni hatari zinazoweza kutazamiwa kabla mgonjwa hajalazwa mezani.

Tanzania inaonyesha kwa nini jambo hili halina nafasi ya kusubiri. Takwimu za kitaifa za mwaka 2015-16 zilihesabu vifo vya uzazi 556 katika kila vizazi hai 100,000, na zile za mwaka 2022 zilihesabu 104. Katika miaka hiyohiyo, watoto wanaozaliwa kwa upasuaji walipanda kutoka 6 hadi 11 katika kila 100. Mamia ya vituo vya afya yaliboreshwa na kupewa vyumba vya upasuaji ili mwanamke mwenye uchungu pingamizi asisafirishwe usiku kucha kutafuta hospitali ya wilaya. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini kila chumba kipya huhitaji timu mpya, na timu hiyo inaweza kuwa daktari mmoja, mtaalamu mmoja wa usingizi, na wauguzi wawili ambao juma lililopita walikuwa wakitoa dawa wodini. Ustadi wa mkono mara nyingi si tatizo. Madaktari wasaidizi, kada ambayo Tanzania ilianza kuifundisha miaka ya 1960, wamebeba kwa muda mrefu sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi wilayani, na utafiti uliofanywa Mwanza na Kigoma na kuchapishwa mwaka 2009 haukuona tofauti ya maana kati ya matokeo yao na ya madaktari wenye shahada. Kinachopungua zaidi ni mpangilio: nani amehakikisha damu ipo, nani atampokea mtoto, nani amehesabu gozi.

Upasuaji wa uzazi una mambo yake ambayo upasuaji wa ngiri au wa kidole tumbo hauna. Mgonjwa mmoja huingia na wawili hutoka, na huyo wa pili anahitaji mtu wake, meza yake yenye joto, kifaa chake cha kumsaidia kupumua na utepe wake wa jina. Mama mara nyingi yuko macho, kwa kuwa ganzi huchomwa mgongoni, na anasikia kila neno linalosemwa juu yake. Muda hupimwa kwa dakika. Nchini Uingereza upasuaji huu hugawanywa katika madaraja manne ya dharura, na kwa daraja la kwanza, pale uhai wa mama au mtoto unapokuwa hatarini papo hapo, hutakiwa mtoto atolewe ndani ya dakika 30 tangu uamuzi ufanywe. Halafu kuna damu yenyewe. Mimba ikifika miezi tisa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mji wa mimba kila dakika. Ukishindwa kunywea baada ya mtoto kutoka, mama anaweza kuishiwa damu kabla gari halijarudi na chupa za damu kutoka mkoani.

Wazo la orodha halikuzaliwa hospitalini. Tarehe 30 Oktoba 1935, karibu na mji wa Dayton katika jimbo la Ohio, Marekani, ndege ya majaribio ya Boeing aina ya Model 299 ilipaa, ikasimama hewani, ikaanguka na kuwaka moto. Rubani alikuwa mzoefu na injini zilikuwa nzima. Kilichotokea ni kwamba kabari inayozuia mabawa ya mkia yasitikiswe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa haikufunguliwa. Marubani wenzake hawakudai mafunzo marefu zaidi. Waliandika orodha fupi ya mambo ya kukagua kabla ya kupaa, na ndege hiyo, ikijulikana baadaye kama B-17, ikawa miongoni mwa zilizotumika zaidi katika Vita vya Pili vya Dunia. Funzo walilolipata ni kwamba kazi ikiwa na hatua nyingi, mtu hodari huruka hatua moja bila kujua, na kadiri anavyoizoea ndivyo anavyoweza kuiruka.

WHO ilimkabidhi daktari wa upasuaji wa Marekani, Atul Gawande, kuongoza kazi ya kutengeneza orodha kama hiyo kwa ajili ya vyumba vya upasuaji. Ilijaribiwa kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 katika miji minane: Amman, Auckland, Ifakara, London, Manila, New Delhi, Seattle na Toronto. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, katika bonde la Kilombero, ilikuwa ya pekee kutoka Afrika. Wagonjwa 3,733 walifuatiliwa kabla ya orodha kuanza kutumika na 3,955 baada yake. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Takwimu nyingine ya utafiti huohuo husemwa mara chache, ingawa inaeleza mengi. Hatua sita za msingi za usalama, zikiwamo kutoa antibayotiki kwa wakati na kuhesabu gozi, zilikuwa zikitimizwa zote kwa wagonjwa 34 tu katika kila 100. Baada ya orodha walifika 57. Hata Toronto na London zimo katika hesabu hiyo, kwa hiyo si sahihi kulichukulia jambo hili kuwa ni la hospitali maskini.

Orodha ya mwaka 2008 iliandikwa kwa ajili ya upasuaji wa kila aina. Wodi za wazazi ziligundua mapema kwamba baadhi ya maswali yake hayawahusu, na maswali yao makubwa hayamo. Swali la upande gani wa mwili utapasuliwa halina maana kwa mjamzito, ilhali hakuna mahali palipouliza kondo la nyuma limekaa wapi. WHO yenyewe iliruhusu orodha irekebishwe kulingana na mazingira, na mwaka 2010 ukatolewa nchini Uingereza mfano rasmi wa orodha ya upasuaji wa uzazi peke yake. Hospitali nyingi zimefuata njia hiyo zikiongeza na kupunguza.

Kati ya zile nyakati tatu za kusimama na kuuliza, kituo cha kwanza ni kabla ya ganzi. Maswali huanza na mama mwenyewe, kwa lugha anayoielewa: jina lako kamili nani, mama, na umeelezwa unafanyiwa nini leo? Jibu lake hulinganishwa na faili. Swali hili linaonekana dogo mpaka usiku ambao wanawake wawili wenye jina moja wamelala leba vitanda vinavyofuatana. Fomu ya ridhaa hutazamwa papo hapo, na hapa ndipo suala la kufunga kizazi linapopaswa kutajwa waziwazi: amekubali au hakukubali, na kama amekubali, alikubali lini. Saini iliyochukuliwa katikati ya uchungu mkali, mama akiwa hajiwezi kwa maumivu, si ridhaa ya kutegemewa, na timu yenye orodha nzuri haiipitishi kimyakimya.

Kisha yanafuata ya mtaalamu wa usingizi. Je, mama ana mzio wa dawa yoyote? Alikula saa ngapi? Chakula hukaa tumboni mwa mjamzito mwenye uchungu muda mrefu, na akipewa nusukaputi kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Je, shingo na koo vinaonyesha kwamba kumwekea mpira wa kupumulia kutakuwa kugumu, kama inavyotokea kwa wenye kifafa cha mimba waliovimba? Mashine ya kufyonza imewashwa ikafanya kazi, au imeegemezwa tu ukutani? Kipimo cha oksijeni kiko kidoleni na kinasoma? Mwaka 2010 ilikadiriwa kwamba vyumba vya upasuaji zaidi ya 77,000 duniani havikuwa na kifaa hicho kidogo, na mwaka uliofuata likaundwa shirika la Lifebox kwa ajili ya kukisambaza. Kituo kisichokuwa nacho hujibu swali hilo kwa "hapana" kila siku. "Hapana" iliyoandikwa mara mia katika kumbukumbu za kituo ni hoja nzito kwa mganga mkuu wa wilaya kuliko malalamiko ya mdomo.

Swali la damu ndilo linalostahili kukaliwa zaidi. Wingi wa damu ya mama umepimwa leo, au ni ule wa kliniki wa miezi mitatu iliyopita? Kundi lake linajulikana? Kuna chupa ngapi kwenye jokofu zinazomfaa, na nani atakwenda kuzichukua? Mama aliyewahi kupasuliwa, na ambaye kondo lake liko chini, yuko katika hatari ya pekee, kwa sababu kondo linaweza kuwa limejishikiza ndani ya kovu la zamani na lisibanduke. Kwake upasuaji wa nusu saa unaweza kugeuka wa saa tatu. Timu ikilijua hilo kabla ya ganzi inaweza kuita msaada, kukusanya damu, au kumpa rufaa kama hali yake inaruhusu. Ikilijua tumbo likiwa wazi, hakuna kati ya hayo linalowezekana kwa urahisi.

Kituo cha pili ni kabla ya kisu. Kazi zote husimama. Kila aliyemo chumbani hutaja jina na kazi yake, akiwamo mwanafunzi, akiwamo mkunga aliyetoka leba kuja kumpokea mtoto. Katika kituo kidogo ambako watu wamefanya kazi pamoja miaka kumi jambo hili huonekana kujilazimisha, na timu nyingi huliacha kwanza. Kuliacha ni kosa. Zamu za usiku huchanganya watu, madaktari wa mafunzo kwa vitendo huja na kuondoka, na mtu aliyekwisha kusikika mara moja chumbani huthubutu zaidi kusema tena jambo likiharibika.

Daktari hueleza kwa sentensi mbili tatu kwa nini mama anapasuliwa, ni dharura ya kiasi gani, na ugumu gani anautazamia. Mtaalamu wa usingizi hueleza kama ganzi imeshika na shinikizo la damu linasemaje. Muuguzi anayeshika vifaa hutaja kwamba vimetakaswa na kuhesabiwa. Mpira wa mkojo umewekwa ili kibofu kisijae mbele ya kisu? Mama ameinamishwa kidogo upande wa kushoto ili uzito wa mimba usibane mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni? Antibayotiki imetolewa? Hili la mwisho lilibadilika ndani ya kizazi kimoja cha watumishi. Zamani dawa ilicheleweshwa mpaka kitovu kibanwe kwa hofu ya kumdhuru mtoto, lakini sasa WHO inashauri itolewe kabla ngozi haijachanwa, kwa sababu ndivyo inavyomkinga zaidi mama na maambukizi ya kidonda na ya kizazi. Muuguzi aliyesomea utaratibu wa zamani akiendelea kusubiri kitovu kibanwe hana nia mbaya, ila orodha humkumbusha kila siku mpaka mkono uzoee.

Upande wa mtoto, mkunga husema mapigo ya moyo ni mangapi sasa hivi. Mapigo yaliyosikika leba saa moja iliyopita yanaweza kuwa hayapo tena, na kama mtoto ameshafariki tumboni, sababu ya kumpasua mama huenda nayo imeondoka. Kumwacha mwanamke na kovu la kizazi, pamoja na hatari zake zote katika mimba zijazo, kwa sababu hakuna aliyesikiliza mara ya pili, ni dhuluma inayoweza kuepukwa kwa dakika moja. Mkunga husema pia nani atampokea mtoto, na kwamba ambu, yaani kifaa cha kumsaidia kupumua, na barakoa ya saizi ndogo vimejaribiwa. Mafunzo ya kuwasaidia watoto kupumua yaliyojaribiwa katika hospitali nane za Tanzania, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2013, yalipunguza karibu nusu vifo vya saa 24 za kwanza. Msingi wake ulikuwa kwamba mtoto asiyelia asaidiwe ndani ya dakika moja. Dakika hiyo haipatikani ikiwa ambu imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amekwenda kula.

Kituo cha tatu hufanyika mama akiwa bado mezani, na ndicho kinachorukwa zaidi, kwa sababu kila mtu amechoka na leba inaita mgonjwa mwingine. Kiini chake ni hesabu. Gozi, sindano na vifaa huhesabiwa kabla ya kuanza, kabla kizazi hakijafungwa kabisa, na kabla tumbo halijashonwa. Gozi iliyolowa damu hufanana kabisa na utumbo na mafuta yaliyoizunguka. Ikiachwa tumboni, mama hurudi baada ya majuma au miezi akiwa na homa, maumivu na usaha, na hulazimika kupasuliwa tena. Kwa hiyo mazungumzo haya mafupi yana thamani kubwa:

"Sista, gozi zimetimia?"

"Bado moja, daktari."

Baada ya jibu hilo hakuna uzi unaovutwa. Sakafu hutazamwa, ndoo hutazamwa, tumbo hutafutwa upya. Hesabu isiyotimia si jambo la kujadiliana na haipimwi kwa cheo cha anayeuliza.

Papo hapo hutajwa kiasi cha damu iliyopotea. Jicho hudanganyika hapa. Damu huchanganyika na maji ya uzazi, nyingine hulowa kwenye mashuka, na watu huelekea kutaja kiasi kidogo kuliko kilichopotea kweli. Kupima gozi zilizolowa kwa mizani ya kawaida, na kuondoa uzito wake zikiwa kavu, huleta makadirio ya karibu zaidi, kwa kuwa gramu moja ni takriban mililita moja. Huthibitishwa kwamba kondo limetoka lote, oksitosini, dawa ya kuufanya mji wa mimba unywee, imetolewa na itaendelea kwa kiasi gani, na mtoto ana utepe wenye jina la mama na saa aliyozaliwa. Mwisho hukubaliwa nani atakayempokea mama wodini, na kila baada ya muda gani atashikwa tumbo, kupimwa mapigo na kuangaliwa damu. Wanawake wengi wanaokufa kwa kuvuja damu baada ya upasuaji hawafii mezani. Hufia kwenye kitanda cha wodi yenye muuguzi mmoja ambaye hakuambiwa kwamba huyu ndiye wa kutazamwa.

Je, orodha inaokoa kweli? Swali hili linahitaji jibu lisilopakwa rangi. Nchini Scotland, ambako ilianzishwa kati ya 2008 na 2010 pamoja na mpango mpana wa usalama wa wagonjwa, uchambuzi wa kumbukumbu za miaka mingi ulionyesha vifo baada ya upasuaji vikipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Katika jimbo la Ontario, Kanada, serikali iliamuru hospitali zote ziitumie, na utafiti wa hospitali 101 uliochapishwa mwaka 2014 haukuona tofauti ya maana ya vifo kabla na baada. Karatasi ilikuwa ileile. Hospitali za Ontario ziliripoti kuitumia karibu kwa kila mgonjwa, lakini hiyo ilikuwa ripoti tu, na kuripoti kwamba orodha imejazwa si sawa na watu kusimama wakasikilizana.

Ukunga una mfano wake, nao unauma zaidi. WHO ilitengeneza pia orodha ya kujifungua salama yenye vipengele 29, kwa ajili ya uzazi kwa ujumla. Ilijaribiwa katika vituo 120 vya jimbo la Uttar Pradesh, India, kwa wanawake zaidi ya 157,000, na matokeo yalitolewa Desemba 2017. Wakufunzi walikwenda vituoni, na wakunga wakabadilika: baada ya miezi miwili walitimiza asilimia 73 ya hatua zilizochunguzwa, ilhali vituo vya kulinganishia vilitimiza asilimia 42. Hata hivyo vifo na madhara makubwa kwa mama na mtoto havikupungua. Kufikia mwaka mmoja utekelezaji wenyewe ulikuwa umeshuka hadi 62. Orodha iliwakumbusha wakunga mambo mema, lakini haikuwaletea damu, wala daktari wa kupasua, wala wodi ya watoto wachanga, wala mikono ya kutosha. Anayeianzisha orodha bila kugusa hayo hana haki ya kuwalaumu wauguzi matokeo yasipobadilika.

Kwa hiyo uanzishaji mzuri hauanzi kwa kugawa karatasi. Kwanza mtu mmoja au wawili hukaa chumbani majuma kadhaa na kuandika kinachotokea kweli: antibayotiki hutolewa lini, nani huhesabu, oksijeni hukatika mara ngapi. Halafu timu yenyewe, akiwamo mhudumu anayefua mashuka na kuendesha mashine ya kutakasa vifaa, huipitia orodha ya mfano na kuikata ilingane na chumba chao. Kipengele ambacho hakuna awezaye kukitimiza huzaa tabia ya kuweka vema bila kusoma, na tabia hiyo ikishaingia huenea kwenye vipengele vingine vyote. Ni bora maswali kumi yanayojibiwa kweli kuliko thelathini yanayopitiwa kwa kalamu. Huanzwa na chumba kimoja, zamu moja ya mchana, kwa upasuaji uliopangwa, na usiku na dharura hufuata watu wakishazoea.

Anayefaa kuiongoza ni muuguzi anayezunguka chumbani, yule asiyevaa glavu za upasuaji, kwa sababu mikono yake iko huru na macho yake yanaona chumba kizima. Hapo ndipo penye ugumu wa ndani kabisa. Katika hospitali zetu muuguzi kijana hamkatizi bosi, wala mwenye umri wa mtoto hamsahihishi mwenye umri wa mzazi wake mbele za watu. Adabu hiyo ina heshima yake nje ya chumba. Ndani ya chumba inaweza kuua. Baadhi ya timu hukubaliana maneno maalumu ambayo mtu yeyote akiyatamka kazi husimama, kwa mfano "Daktari, naomba tusimame kidogo," na hukubaliana pia kwamba jibu la pekee ni "Asante, tusimame." Maneno hayo humlinda anayeyatamka, kwa kuwa yameshaidhinishwa na mkubwa mwenyewe. Daktari mkuu akikasirika mara moja tu kwa kusimamishwa, wauguzi wote hujua kabla ya jioni, na kuanzia hapo orodha itajazwa ofisini. Uamuzi wake wa kushukuru badala ya kufoka una nguvu kuliko semina yoyote.

Pingamizi linalosikika sana ni dharura: mtoto anakufa, hakuna muda wa maswali. Lina uzito, na halijibiwi kwa kukemea. Jibu la kwanza limo katika takwimu. Katika majaribio yale ya WHO katika miji minane, wagonjwa 1,750 wa upasuaji wa haraka walichambuliwa peke yao. Madhara yalishuka kutoka asilimia 18.4 hadi 11.7, na vifo kutoka 3.7 hadi 1.4. Haraka ndiyo inayosahaulisha, kwa hiyo ndipo orodha inapohitajika zaidi. Jibu la pili ni la utendaji. Kwa daraja la kwanza la dharura hutengenezwa orodha fupi, inayosemwa wakati kitanda kinasukumwa na tumbo linapakwa dawa: huyu ni nani, tunampasua kwa nini, ana mzio, damu ipo, kondo liko wapi, nani anampokea mtoto. Haizidi nusu dakika. Hesabu ya gozi haifupishwi kamwe, maana mtoto akishatoka, ile haraka yake imekwisha. Timu hulifanyia jambo hili mazoezi mchana, kwa mwigo, pasipo mgonjwa, ili usiku wasijifunzie juu ya mtu.

Mama aliye macho naye huzingatiwa. Kusikia watu wakiulizana kama damu ipo kunaweza kumtia hofu. Sentensi moja kabla ya kuanza hutosha: "Mama, sasa utatusikia tukiulizana maswali, ni utaratibu wetu kwa kila mzazi ili wewe na mtoto muwe salama." Wengi hutulia, na mara chache mama mwenyewe husahihisha, kama ile dawa iliyowahi kumvimbisha ambayo haikuandikwa popote.

Ufuatiliaji ndio hukamilisha kazi. Kuhesabu karatasi zilizojazwa hakutoshi, kwani karatasi inaweza kujazwa yote mara moja mwisho wa zamu. Mtu huingia chumbani bila taarifa na kutazama: je, kazi zilisimama, majina yalitajwa, hesabu ilifanyika kwa sauti? Hulinganishwa pia saa ya antibayotiki na saa ya kisu, idadi ya kina mama waliopata usaha kwenye kidonda, waliorudishwa mezani, waliohitaji damu, na watoto waliohitaji kusaidiwa kupumua. Mpango wa Safe Surgery 2020, ulioendeshwa Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, ulikwenda mbali zaidi ya karatasi: uliwafundisha watumishi uongozi na kazi ya pamoja, udhibiti wa maambukizi na utunzaji wa takwimu, huku wakufunzi wakirudi vituoni kuwaona. Kurudi huko ndiko kunakogharimu, na ndiko bajeti nyingi hukukata kwanza. Hospitali inayopokea madaktari wa mafunzo kwa vitendo huwa na sura mpya mezani kila baada ya miezi michache, kwa hiyo mafunzo ya orodha huwekwa katika siku ya kwanza ya kila anayeripoti, kabla hajaonyeshwa sehemu ya kubadilishia nguo, na muuguzi anayeyatoa hupewa saa zake ndani ya zamu badala ya kuyafanya kwa hisani.